Aliyeombewa Mbele ya Meza ya Kukatia

Ulifumba macho. Usiniambie ulikuwa unaomba; ulifumba ili usione. Siku mwenzako aliposemwa mbele ya watu, nawe ukijua wazi maneno yale yalimlenga nani, uliinamisha kichwa, ukasubiri yaishe, ukaitikia. Nakujua. Nimefanya kazi miaka mingi katikati ya watu kama wewe, na mimi sina elimu ya kunisaidia kusahau.

Karakana yetu inashona sare za shule. Ni chumba kirefu chenye mabati yanayolia jua likipanda, vyerehani safu mbili, na katikati meza ya kukatia, ndefu kiasi kwamba ukoo mzima ungelala juu yake bila kugombania shuka. Kila asubuhi, kabla umeme haujawashwa, tunaizunguka meza hiyo na kuomba. Tajiri anaipenda sana sala hiyo, na kwa nini asiipende? Tunaomba kwa muda wetu, tunafanya kazi kwa muda wake.

Aliyekuwa anaongoza sala ni mkataji. Tunamwita Mama Ibada. Mkono wake hautetemeki: anatandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, anaweka karatasi za vipimo, anachora kwa chaki, anapitisha kisu cha umeme, na suruali za darasa zima zinatoka kwa mpigo mmoja. Sala yake nayo ilikuwa hivyo hivyo. Ilikata. Hakuwa msengenyaji, hata siku moja. Alikuwa anaombea watu tu. Mpiga pasi alipoanza kuchelewa, Mama Ibada alimsihi Mungu amtoe ndugu yetu katika minyororo ya ulevi. Kumbe mtu alikuwa na malaria, na alipopona alikuta pasi ina mwenyewe mwingine. Binti wa kola aliombewa usafi wa mwili, akaacha kazi kwa aibu. Mimi niliombewa ulimi, lakini wananiita Mdomo, kwa hiyo haikuwa siri. Nawakumbuka wote. Kwetu ukiombewa, ujue umekwisha.

Basi shule zilipokaribia kufunguliwa, kitambaa cha kaki kilipungua. Mama Ibada alikuwa anakata oda, kitambaa kikaisha kabla suruali hazijatimia. Jora zima halionekani. Yeye hakosei, kwa hiyo lilikuwa limeibwa. Akatafutwa mwenye mfuko mkubwa, na mwenye mfuko mkubwa alikuwa Mama Vifungo. Huyo alikuwa anabaki jioni kukaza vifungo, kisha anaondoka na mabaki ya vitambaa, kwa ruhusa, ili mama yake mzazi asiyeweza tena kutoka nje apate cha kushonea foronya. Hakuna aliyemuuliza lolote. Asubuhi tukaizunguka meza.

"Bwana," alisema Mama Ibada, kwa sauti yake ile laini, "mguse dada yetu ambaye mkono wake umekuwa mrefu. Mfuko wake unaujua wewe. Mrudishe kabla hajapotea."

Mimi huwa sifumbi. Nilimwona Mama Vifungo akifuata vizuri, ndiyo Bwana, ndiyo Bwana, kama wengine, mpaka aliposikia neno mfuko. Akainua uso, akatutazama mmoja mmoja. Hakukuta jicho. Alikuta visogo. Kisha ikaja Amina ya pamoja, nzito, na yangu ilikuwemo; mdomo huu unaowapigia kelele matajiri uliitikia kama kasuku. Kabla ya chai Tajiri alikuwa ameshamwonyesha lango.

Kaki ikaongezwa, suruali zikaenda shuleni. Zikarudi. Mwalimu mkuu alizileta mwenyewe, amekasirika mpaka anacheka: alisema watoto wanakanyaga pindo, na yuko mmoja ambaye akigeuka yeye, suruali inabaki imetazama mbele. Tajiri akawafokea washonaji. Washonaji wakamsukumia mpiga pasi mpya, eti anazivuta. Mama Ibada hakumsukumia mtu. Alichukua suruali moja, akailaza mezani, akatoa karatasi aliyokatia, akalinganisha. Nilikuwa nimeinama karibu naye natafuta uzi. Karatasi ile ilikuwa ya vipimo vya wanafunzi wakubwa. Oda nzima. Kitambaa kilichopungua kilikuwa pale pale, kwenye mapaja na kwenye pindo. Jora halikuibwa. Lilikuwa limevaliwa.

Akaniona namwona. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka chooni akakuta wageni sebuleni, na nguo yake imenasa nyuma. Tajiri alikuwa bado anafoka habari za pasi. Jora lile na mapaja yale hayakuwa yamekutana kichwani mwake, na labda yasingekutana kamwe. Mama Ibada angenyamaza, yangepita. Wewe ungefanya nini? Najua. Ungemshukuru Mungu kwa kukustiri.

Asubuhi iliyofuata alianza hivi: "Bwana, utusamehe sisi sote, maana sote tumekosa." Hapo akakwama. Tulisubiri. Mtu akakohoa. Akasema Amina haraka haraka na kukimbilia kisu chake. Mchana alikuja kwenye cherehani yangu. Aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba lile neno sote lilimkaba kama mfupa wa samaki. Maisha yake yote amejua maneno ya kumwambia Mungu, na leo kwa mara ya kwanza alihisi yuko anayeyasikiliza. Na alikuwa ameona haya kuliko siku yoyote. Kisha akaniuliza kama napajua kwa Mama Vifungo.

Tulienda tulipotoka kazini. Ni chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, pazia limekigawa. Mama Vifungo alikuwa anafua nguo za watu, vidole vimechubuka kwa sabuni. Alitukaribisha, kwa sababu amelelewa akaleleka. Mama Ibada akapewa kigoda, mimi ndoo iliyopinduliwa. Mama mzee alikuwa kitandani, sindano mkononi, hana cha kushona. Alimchungulia mgeni kwa muda.

"Ndiye huyu aliyekuombea?"

"Ndiye, mama."

"Haya. Karibu, mwanangu," mzee alisema.

Mama Ibada aliyatoa yote: karatasi, vipimo, suruali. Alilia. Halafu, mazoea ni mazoea, akateremka kwenye kigoda, akapiga magoti na kunyoosha mkono ili waombe pamoja.

"Usiniombee," alisema Mama Vifungo. Hakupandisha sauti. "Dada, nakusihi, usiniombee tena. Sokoni wananiita Mfuko. Kanisani nilikuwa nakusanya sadaka, sasa wamenipa kiti cha nyuma. Ulinisema kwa Mungu, na Mungu alikuwa anaujua ukweli. Wasioujua ni watu. Nenda kawaambie watu."

"Nitawaambia."

"Wakikutazama."

Tulirudi giza limeshaingia.

Asubuhi vichwa vilipoanza kuinama vyenyewe, alisema, "Msifumbe macho. Leo nisikilizeni mimi."

Alikuwa ameweka mikono yake juu ya meza, na kwa mara ya kwanza nikaiona inatetemeka. Sauti laini ilikuwa imekwisha. Alisema hakuna jora lililoibwa, yeye ndiye aliyekosea vipimo. Alisema alimfanya mwenzetu mwizi na akamtumia Mungu kumsingizia. Akamtaja mpiga pasi wa zamani. Akamtaja binti wa kola. Kila alipotaja mtu alisimama kidogo, kama anayepanda mlima na mzigo. Tajiri alikuwa ametokea mlangoni mwa ofisi na kikombe chake. Akasema sawa, tumesikia, tumesamehe, washeni mashine.

"Sishiki kisu mpaka Mama Vifungo awe kwenye kiti chake," alisema Mama Ibada.

Tajiri akacheka. Akamuuliza kama anajua wakataji wanaopita langoni wakibembeleza kazi. Alijua. Ana watoto, ana kodi ya nyumba, alijua kuliko sisi. Akavua aproni yake, akaikunja, akaiweka mezani.

Kimya kile bado kinaniuma. Watu walichunguza viatu vyao kana kwamba wamevinunua jana. Nilikwenda kusimama naye. Mshona mifuko akaja, huku ananiambia nisogee nisimkanyage. Wengine hawakuja, na sura zao ninazo. Lakini suruali zilikuwa zinasubiri kukatwa upya, mwalimu mkuu anapiga simu kila saa, na hao wakataji wa langoni hakuna hata mmoja aliyeweza kutandaza kitambaa bila kukikunja. Jua lilipofika juu ya mabati, Tajiri aliagiza Mama Vifungo aitwe.

Amerudi. Usidhani alirudi akikumbatiana na watu. Anakaza vifungo vyake, anakwenda nyumbani. Wakati wa sala anakaa nje kwenye ngazi mpaka tumalize, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Mama Ibada haongozi tena. Naye hutoka, hukaa ngazi ya chini yake, kimya. Kuna asubuhi Mama Vifungo humsogezea nafasi, na kuna asubuhi humgeuzia mgongo. Siku moja nilimuuliza Mama Ibada anatafuta nini pale. Akaniambia hajawahi kumjua Yesu kwa karibu kama anavyomjua pale ngazini, ilhali hana neno hata moja la kumpa. Mimi si mtu wa dini sana. Hilo nililiamini, na sala zake za zamani sikuziamini hata moja.

Sasa wewe. Usinipe Amina yako, sina pa kuiweka. Yuko mtu aliyesemwa mbele yako, kazini, kanisani, kwenye kikao cha ukoo, na ulijua si kweli, au hukujua na hukuuliza. Jina lake limeshakujia. Usimwombee. Anza na wale waliokusikia ukiitikia: waambie, wakikutazama. Kisha nenda kwake, na ukifika usikae mpaka akukaribishe. Si Jumapili. Leo. Acha kusoma, vaa viatu, toka.