Skrimu ya Dada

Dada yangu anacheka nyumba ya jirani. Namsikia kupitia ukutani nikiosha vyombo, na mikono inaniganda ndani ya povu. Juzi alinichekea kwa kinyozi. Mwaka jana alicheka hospitalini, kwenye runinga ya chumba cha kusubiri, hata nisisikie nikiitwa. Alikufa zamani. Sijazoea, na sidhani kama nitazoea.

Tulifanya kazi pamoja kwenye studio iliyotia sauti za Kiswahili katika filamu za vichekesho za Kiingereza. Mimi nilitafsiri. Kazi ya Dada ilikuwa kucheka, maana vicheko vya asili vilifutika pamoja na maneno. Fundi wa sauti, mtu mkavu asiyecheka hata ukimtekenya, alivipanga vicheko kwa madaraja na kuviita kwa maneno ya mtaani ya wenye filamu, yale wanayotumia jambo likiwavunja mbavu. Hileriasi ilikuwa kicheko cha kawaida. Rayoti ilikuwa ya kupiga mapaja. Juu kabisa ilikuwa skrimu. Fundi alibonyeza kitufe, akaagiza rayoti mbili, na Dada akatoa mbili, kisha akanywa maji. Nilipomweleza Dada kwamba rayoti kwao pia ni ghasia na skrimu ni yowe, alisema watu hao wakifurahi utadhani nyumba inaungua.

Nyumbani hakucheka. Alikuwa amerudi kwa Mama baada ya kumzika mwanawe wa pekee, na tangu mazishi hakutoa hata chozi. Alipika, alifua, aliitikia salamu. Mama alimbembeleza, akamgombeza, akawaita shangazi zetu waje walie mbele yake labda naye ataanza. Wapi.

"Kalimeza," Mama aliniambia. "Litamuua."

Skrimu aliitoa mara moja tu. Kwenye filamu, mtoto alikuwa anatoroka na kiatu kimoja huku baba akimfukuza na cha pili. Fundi aliomba rayoti. Nyuma ya kioo nilimwona Dada anainama, mabega yanatikisika, na sauti iliyotoka ilinisisimua mwili mzima. Nilitaka kuingia. Fundi alinishika mkono, akaiacha mashine izunguke mpaka Dada alipomaliza mwenyewe. Baadaye alikata kwikwi za mwanzo, na kilichobaki kilisikika kama mtu anayekufa kwa kicheko. Dada alikisikiliza, akajifuta uso, akasema tukitumie.

"Ila Mama asijue," aliniambia. "Atauliza kwa nini sikulilia kwake."

Studio ikakitia katika kila filamu, mara tatu nne.

Dada alifariki usingizini, moyo ulisimama. Mama hakumlaumu mtu ila nafsi yake. Miaka yote iliyofuata alirudia kwamba angejua namna ya kumliza, mwanawe angekuwa hai. Nami nilimwangalia akikonda, nimefungwa mdomo na ahadi niliyompa marehemu. Niliichukia ahadi ile.

Kisha Jumapili moja mchana tulikuwa tunakunja nguo mbele ya runinga. Mama hakuwahi kutazama filamu zetu. Alisema hawezi kumsikiliza mwanawe akicheka kwa mshahara. Sikuwa makini, na filamu ikaanza. Skrimu ilipopasuka nilikimbilia kuizima, lakini Mama alikwisha kunizuia kwa mkono.

"Huyo ni dada yako."

"Ndiyo, Mama. Yuko kazini, anacheka."

"Mimi nimemnyonyesha huyo," alisema polepole. "Hacheki."

Sikuweza tena. Nilimweleza yote: kioo, mtoto mwenye kiatu kimoja, kwikwi zilizokatwa. Nilingoja aniulize kwa nini Dada hakulilia kwake. Hakuuliza. Aliuliza tu kama alilia sana.

"Sana, Mama. Mpaka akachoka."

Shati lilimlalia mapajani, halijakunjwa. Kwenye runinga watu walikuwa wanaangushana, na yeye aliwatazama bila kuwaona.

"Itapigwa tena?"

"Kabla filamu haijaisha, ndiyo."

Mama alivuta kiti chake mpaka magoti yakakaribia kioo cha runinga.

"Ongeza sauti," alisema.