Viazi vya Paja la Kulia

Usiku wa kuamkia leo niliota mapaja yangu yameitwa kliniki bila mimi. Mimi nilikuwa msindikizaji tu.

Tulikaa kwenye benchi, paja la kushoto huku, la kulia huku, mimi katikati. La kulia lilikuwa jembamba, kama lilivyo tangu goti lake lifanyiwe upasuaji wa kuunga kano, miezi sita sasa. Kano hiyo niliikata nikicheza netiboli na wenzangu wa masomo ya jioni. Tulikuwa tunaongoza.

Binti yangu Atupele, mwenye mwaka mmoja na nusu, alikuwa amekaa juu ya kaunta anagonga mihuri. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba hakunitazama. Nyumba yetu iko bondeni, ngazi thelathini na moja kutoka barabarani, na tangu nipasuliwe anabebwa na mama mkwe. Siku hizi akijikwaa anamwita bibi.

"Anayetaka kubeba mtoto mgongoni apite," ilisema mashine.

Mashine ya kupimia misuli ya paja ni kiti kirefu chenye mkono wa chuma. Hii ilikuwa imevaa sweta.

"Sheria unaijua, mama Atupele?"

"Naijua. Mguu mgonjwa ufikie asilimia tisini ya mguu mzima."

"Tisini za nini?"

"Za nguvu."

"Nguvu haishikiki. Hapa tunapima kwa viazi."

Paja la kushoto linapanda kitini. Linasukuma ule mkono wa chuma, na kila likisukuma kiazi kinadondoka ndani ya debe. Viazi vyekundu vya Uyole, bado vina udongo. Ishirini na tisa. Linashuka, hata jasho halina.

La kulia linapanda. Linasukuma huku linatetemeka na kumtaja Mungu. Ishirini na nane.

"Asilimia tisini na sita na ushee," mashine ilisema. "Beba mtoto."

Atupele akagonga muhuri, akaninyooshea mikono.

Nikamfunga mgongoni kwa kanga, na kliniki ikawa ngazi za kwetu. Nashuka ya kwanza. Nashuka ya pili. Shingoni nasikia pumzi yake, inanukia uji.

"We mama," goti la kulia likasema, "unakwenda wapi na mtoto wa watu?"

"Wangu huyu. Tunakwenda nyumbani, tumefaulu."

"Kakwambia nani?"

"Mashine."

"Mimi hayo matokeo sijayaona. Na huyo wa kushoto alikuwa anatania pale, hukumwona?"

Nikaligeukia paja la kushoto. Lilikuwa linaangalia pembeni.

"Ulitegea?"

"Kidogo tu, dada. Nilimwonea huruma mdogo wangu. Na wewe pia. Nikasema, mimi nikijishusha, yeye ataonekana amepanda."

"Na nikianguka naye hapa?"

Likafikiri. "Huko sikufika."

Chini zilikuwa zimebaki ngazi ishirini na tisa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, kwa sababu ile pumzi ilikuwa bado shingoni. Kisha nikageuka, nikapanda zile mbili nimeshika ukuta, nikajikuta mbele ya mashine.

"Naomba la kushoto lirudie."

"Ukirudia, muhuri unafutwa."

"Ufutwe."

Safari hii la kushoto linasukuma kweli. Kiti kinalia. Viazi vinapiga debe kama mvua ya mawe, na mashine inavua sweta. Arobaini.

"Ishirini na nane kwa arobaini. Asilimia sabini. Mtoto ashuke, urudi baada ya wiki sita."

Atupele akashuka bila kulia. Hilo liliniuma kuliko goti.

Ndipo paja la kulia, bila kuambiwa na mtu, likajikokota hadi kitini na kusukuma mara moja tena. Kikadondoka kiazi kimoja, kidogo kama yai la njiwa.

"Nimeshafunga," ilisema mashine. "Hicho hakihesabiwi."

"Najua," paja likajibu, linahema. "Nilikuwa najaribu tu."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha na mvua ilikuwa inanyesha. Kupimwa kwangu kwenyewe ni leo, saa nne.

Atupele alikuwa amesimama kando ya kitanda, amefumba kiganja. Nikashuka taratibu, nikakaa sakafuni, mguu nimeunyoosha. Akapanda mwenyewe, akakaa juu ya paja la kulia, kisha akafumbua kiganja.

Kiazi. Kidogo, chekundu, udongo wake bado mbichi. Viazi vyetu viliisha Jumanne, tangu hapo tunakula ndizi.

Sikukiosha. Nimekitia kwenye mkoba, pamoja na kadi ya kliniki.