Siku Nane za Chibalonza

Kofia ya baiskeli ilikuwa ndani ya beseni la nguo chafu, imefunikwa na taulo. Chini yake Chibalonza akakuta kaptura zake mbili za kuendeshea, glavu, na koti la mvua la njano alilolikunja jana jioni kwa mikono yake mwenyewe na kuliweka juu kabisa ya sanduku. Yaani mtu alikuwa ameingia chumbani kwake, akafungua sanduku lake, akavitoa vitu vyake na kuvitupa kwenye chumba cha kufulia. Na safari ni kesho asubuhi.

Mtu asidhani mwanamke huyu alipandwa na hasira kwa ajili ya kofia. Hasira ile ilikuwa na umri wa miaka miwili na miezi minne. Kofia iliifungulia mlango tu.

Alikuwa ametoka kazini Lidcombe, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na treni ilimshusha Granville, mtaa anakoishi, saa tisa alasiri akiwa bado na harufu ya sabuni ya hospitali mikononi. Miaka kumi amefanya kazi pale. Kila siku anayoingia asubuhi, yeye na mwenzake huwanyanyua wazee ishirini na wawili, huwaosha, huwavisha, kisha hutandika vitanda ishirini na viwili. Katika nchi hii ukimtumikia mwajiri mmoja miaka kumi unapewa likizo ndefu yenye mshahara. Wenzake Wakongo wakiipata huenda kuzika, au kuozesha, au kusimamia nyumba inayojengwa Bukavu. Yeye alichagua mto.

Mto wenyewe ni Danube, huko Ulaya. Siku nane kwa baiskeli, kutoka Passau mpaka Vienna, njia tambarare kando ya maji, saa nne au tano kwa siku bila haraka, na jioni hoteli. Sanduku lako linatangulia kwa gari. Wewe unabeba chupa ya maji tu. Saa kumi kuna keki ya aprikoti. Rafiki yake Rhoda, muuguzi Mtanzania mzaliwa wa Tukuyu, ndiye aliyempa kijitabu cha safari hiyo chenye picha, na Chibalonza alikisoma kwenye treni mpaka akafika mahali palipoandikwa kwamba kila jioni mgeni atakuta kitanda kimetandikwa. Alirudia sentensi hiyo mara tatu. Siku hiyo alipitiliza Granville, akaja kushtuka yuko mbali.

Baiskeli yenyewe alijifunza mwaka jana, akiwa na miaka hamsini, kwenye mafunzo ya akina mama kando ya mto Parramatta. Utotoni kwao Bukavu baiskeli ilikuwa ya baba, na msichana akiigusa alipigwa mikono. Basi akaanguka, akachubuka goti, akainuka, akaanguka tena, Rhoda akikimbia nyuma na kupiga kelele, "Kanyaga, dada! Usitazame chini!" Wiki ya tano akakanyaga peke yake kutoka daraja moja hadi la pili, akarudi akilia, wala hakujua analia nini.

Na siku zote hizo alivaa kitambaa cheusi chini ya kofia.

Hicho kitambaa ndicho kilichokuwa na maneno. Mumewe Olivier alikufa miaka miwili na miezi minne iliyopita, baada ya kulala kitandani miaka minne, na kwa desturi ya kwao mjane hujifunga nyeusi mpaka watu wa upande wa mume wakutane, wamvue wenyewe, wale, wacheze, na matanga yawe yameondoka. Mwenyewe hajivui. Akijivua, watasema ameitupa familia, au ana mwanamume mahali. Shemeji yake Balthazar, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye mwenye kupanga siku. Akapanga, akaahirisha, kwa kuwa dada yao Marie-Jeanne aliyeko Liège, Ubelgiji, hakuwa na karatasi za kusafiria. Akapanga tena, akaahirisha, kwa kuwa Marie-Jeanne alisema hawezi kuikosa sherehe ya kaka yake. Huyo Marie-Jeanne, katika miaka minne ya ugonjwa, alipiga simu mara mbili. Ya pili alikosea namba.

Chibalonza alivumilia. Jua la Januari lilimchoma kichwani, kitambaa kikamnata kwa jasho, Rhoda akamwambia, "Dada, hapa nani anakuona? Kivue tu." Akakataa. Aliheshimu. Na ni heshima hiyo hiyo iliyomponza, kwa maana habari za safari zilipovuja kanisani na watu wakaanza kumwambia, wakimwita kwa jina la bintiye, "Mama Ornella, tumesikia unaenda Ulaya, utamuona Marie-Jeanne!" yeye alijibu, "Mungu akipenda." Alikuwa na maana ya hapana. Nani asiyejua kwamba mtu mwenye adabu husema hivyo asipotaka kukataa mbele ya watu? Lakini mwenye hamu husikia anachokitaka.

Sasa alitoka chumba cha kufulia na kofia mkononi, akaingia sebuleni.

Shemeji Balthazar alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu. Mkewe, Mama Divine, alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, akining'iniza mizani ndogo ya mkono. Ornella, bintiye mwenye miaka kumi na tisa, alisimama mlangoni mwa jiko akiuma kucha. Simu ilikuwa mezani, imewekwa sauti juu, na ndani yake mtu anapiga miayo.

"Kilo makumi mbili na mbili na nusu!" alisema Mama Divine kwa furaha. "Haijapita. Mama Ornella, karibu, tulikufungia vizuri sana. Mkono mtupu haulambwi."

Chibalonza akatazama. Sanduku lilijaa vitenge vya bluu vya sare, pisi kumi na mbili zimekunjwa. Buti za manyoya ya kondoo, jozi tatu. Makopo ya vidonge vya mafuta ya samaki. Nguo za watoto. Katika vyote hivyo, kitu chake kilikuwa sidiria mbili na mswaki.

"Vitu vyangu vilitoka kwa amri ya nani?" aliuliza.

"Vile vya mchezo?" Mama Divine akacheka. "Utavifanyia nini kule?"

"Kaa kwanza, Mama Ornella," alisema Balthazar, kwa ile sauti yake ya kufungua mikutano. "Tuko na Marie-Jeanne kwa simu. Mambo iko tayari. Salle ya sherehe wamelipa, chakula wamepanga, bantu makumi nane watakuja. Siku ya posho tunaondoa matanga ya ndugu yangu pale Liège. Weye utafika Jumatatu, utapumzika kwa Marie-Jeanne."

Posho ni Jumamosi. Jumamosi hiyo, kwenye kijitabu, ni siku ya tano ya kuendesha: asubuhi kuvuka mto kwa kivuko, mchana bustani za aprikoti.

"Shemeji," alisema Chibalonza polepole, "Jumatatu niko Passau. Naendesha baiskeli siku nane. Niliwaambia bote."

Balthazar akamtazama Mama Divine, Mama Divine akaitazama simu, kisha wawili hao, pamoja na yule aliyekuwa ndani ya simu, wakaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha mapenzi kabisa, kama mtu anavyomcheka mtoto aliyejificha nyuma ya pazia na miguu inaonekana.

"Baiskeli! Si ni ile maneno ya kuambia patron kule kazini akupe congé ya kupumzika?" alisema Balthazar, akijifuta macho. "Sisi tulielewa. Tena tukasema, huyu mama ana akili. Nani anaweza kupanda ndege siku nzima na usiku mzima, anaacha famille Ulaya, anaenda kukanyaga baiskeli na wazungu?"

"Miye."

Kicheko kikakatika.

Hapo ndipo hasira ilipompanda kweli, ikamfika utosini. Laiti wangalimkatalia, angalijua la kusema. Laiti wangalimwonea wivu, angalivumilia. Lakini hawa hawakuwa hata wameamini. Mwaka mzima walimwona akirudi na goti lenye damu, wakamwona akipachika baiskeli ukutani pale nje, na bado katika akili zao hakukuwa na mahali pa kuweka jambo moja dogo: kwamba Chibalonza anaweza kutaka kitu, na kitu chenyewe kisiwe cha mtu mwingine.

Akapiga magoti upande wa pili wa sanduku na kuanza kutoa. Buti. Makopo. Alivitoa kwa vishindo, kopo moja likabingirika mpaka chini ya meza ya televisheni.

"Mama Ornella, hasira hasara," alisema Balthazar.

"Hasara nilishaikula, shemeji. Miaka sita. Hii ni hasira tu imebaki."

"Mum," Ornella alisema kwa sauti ndogo, "I let them into your room. I thought you wanted to go to Liège. Kila mtu akikuuliza, you said Mungu akipenda."

Maneno hayo yalimchoma kuliko yote, kwa sababu yalikuwa kweli. Akasimamisha mikono. Mtoto wake mwenyewe, aliyelala chumba cha pili, hakujua mama yake anataka nini, kwa kuwa mama yake hakuwahi kulisema kwa mdomo. Akaikasirikia adabu yake, akajikasirikia yeye mwenyewe. Halafu akageuka.

"Basi sikilizeni sasa, nasema kwa mdomo. Siendi Liège. Sipeleki kitu. Naenda kwa mto, na kitanda yangu atatandika mtu mwingine."

Simu ikalipuka. Marie-Jeanne alikuwa ameamka sasa. Alisema ameshaalika watu, alisema aibu hii ataiweka wapi, alisema mjane gani huyu anayekwenda kuonyesha mapaja barabarani na nyeusi ya kaka yake bado iko kichwani!

"Iko kichwani," alisema Chibalonza. "Umesema vizuri."

Akainua mikono, akatafuta fundo kisogoni. Lilikuwa limekazwa na jasho la zamu nzima, likamsumbua kidogo. Mama Divine alielewa kabla ya mumewe, akapiga kelele, "Hapana! Mama Ornella, hapana, si weye mwenye kuvua!"

"Ukijivua weye mwenyewe," alisema Balthazar akisimama, na safari hii hakuwa na sauti ya mkutano, "usituhesabu tena. Unanisikia? Siku utakufa, sisi hatutakuja."

Alimaanisha, na Chibalonza alijua anamaanisha. Katika mji huu wa watu waliotawanyika, wa kukuzika ndio jamaa yako. Mikono ikatulia kisogoni.

"Shemeji," alisema, "Olivier mwenye alimugeuza kitandani kila saa mbili, usiku na mchana, ni miye. Mwenye alimulisha ni miye. Siku ile alikufa, mwenye alimuosha ni miye, na weye ulikuwa nje kwa gari unaongea na simu. Sasa niambie. Kwa ile kazi yote, ni nani kati yetu mwenye haki ya kusema imeisha?"

Chibalonza hakungoja jibu, akavuta.

Fundo likaachia. Nywele zilikuwa nyeupe zaidi ya alivyokumbuka. Aliziona kwenye kioo cha televisheni iliyozimwa, zimelala kichwani kama majani yaliyokaa chini ya turubai. Kitambaa akakikunja mara nne, kwa makini, kama anavyokunja shuka za wazee. Akakiweka juu ya vile vitenge kumi na viwili, akausukuma mzigo wote miguuni pa Balthazar.

"Pelekeni Liège. Watu makumi nane wako na salle na chakula. Waondoe matanga yao."

Waliondoka bila kuaga. Mama Divine alikuwa analia kwelikweli, na kabla ya kufika getini aliutoa ufunguo wa nyumba hii, aliopewa wakati wa ugonjwa, akauweka juu ya kisanduku cha barua. Hakuna aliyemkimbilia. Kopo la mafuta ya samaki lilibaki chini ya meza ya televisheni.

Asubuhi Rhoda alikuja na teksi. Alimwona kichwa wazi, akasema tu, "Twende, dada." Usiku Chibalonza hakuwa amelala. Moyoni aliwajibu Balthazar na Marie-Jeanne mpaka alfajiri, akigundua kila mara jibu kali zaidi ya lile alilotoa, akikasirika upya kwa kutolitoa.

Kwenye kiwanja cha ndege akalipandisha sanduku kwenye mizani. Msichana wa kaunta akatazama namba, akatabasamu, akamwambia kwa ukarimu kwamba ana kilo kumi na nne tu. Bado ana nafasi ya kilo tisa, kama kuna kitu chochote angependa kuongeza.

Kilo tisa. Tangu aanze kupanda ndege, Chibalonza hakuwahi kufika kaunta na sanduku lenye nafasi. Daima alikuwa akitoa viatu vyake mwenyewe ili buti za mtu ziingie. Watu wa kwao hawaachi hata nusu kilo iende bure.

"Hakuna kitu," alisema, na sauti ilitoka kali kiasi kwamba msichana alirudi nyuma kidogo. "Hizo tisa ni zangu. Ziache tupu."