Zimwi la Sita

Kiplimo wa Boito alikuwa na mazimwi matano, na yote aliyatunga mwenyewe ndani ya duka lake la fotokopi, stima zikiwa zimepotea au mashine ikiwa imekosa wino, mambo ambayo Boito hayaishi. Wenzake wakati kama huo hucheza drafti. Yeye alitunga mchezo wa mezani wa kuogofya, akauita Ukungu. Wachezaji hukaa kuzunguka meza, kila mmoja na kadi yake, Kiplimo husimulia yanayotokea kijijini, na dadu huamua nani akimbie na nani aliwe. Raha yenyewe ni kwamba katika Ukungu hakuna anayewinda mazimwi. Mchezaji ndiye zimwi.

Aliyagawa kwa koo, kama watu. Kulikuwa na ukoo wa Chemosit, yule wa mguu mmoja na mdomo unaowaka gizani, ambaye kila mtoto wa Kipsigis amewahi kutishiwa naye ili alale. Kulikuwa na Fisi-mtu. Kulikuwa na Mvua ya Mawe, inayotembea juu ya mashamba ya chai ikichagua nani alale njaa. Kulikuwa na Mashine, ile ya kuchuma majani, inayotoka stoo peke yake ikitafuta vidole vya waliokuwa wakichuma kwa mkono. Hiyo ilimpa Sally ndoto mbaya, na Sally ni karani wa kupima majani, mtu asiyetishwa hata na foleni ya wakulima wenye hasira. Kila ukoo ulikuwa na nguvu yake, njaa yake na udhaifu wake. Kiplimo alishikilia kwamba zimwi lisilo na njaa ni pambo tu.

Wa tano alikuwa Mrogi, yaani mchawi. Kiplimo alimwokota kwenye hadithi za wachuma chai waliotoka upande wa Kisii, akamchora bibi kizee mwenye gunia begani na macho ya paka. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: kila analofanya linaongeza Hofu ya Kijiji, na hofu ikifika kumi, kijiji kinakuja na moto. Meza nzima ilimpenda huyo bibi. Johana, kijana wa bodaboda, alipenda kurusha dadu ya moto kuliko anavyopenda kula, na Johana anakula. Nyumba ya Mrogi ikishateketea, walipiga meza na kucheka mpaka wapita njia wakachungulia.

Zamani Bilhah alicheka nao. Alikuwa Mkisii aliyekuja Boito kutafuta kazi, akaipata kwenye duka la dawa za mifugo lililopakana na la Kiplimo, na Jumapili baada ya kanisa hiyo meza ndiyo ilikuwa starehe yake. Kisha mwezi wa nane mama yake, Bosibori, akafika mlangoni bila mzigo, na Biblia yake ikinuka moshi. Kule nyumbani mtoto wa jirani alikuwa ameugua akafariki. Mtu akanyoosha kidole. Jioni hiyo nyumba ya Bosibori ikawashwa, na alipona kwa sababu alikuwa mtoni. Bilhah alimuuliza ni nani aliyeanzisha. Mama alijibu ni watu. Watu gani? Watu tu, mwanangu. Baada ya kuuliza mara kadhaa, Bilhah aliacha.

Bilhah aliwaambia watu wa Boito kwamba mama amekuja kutibiwa magoti. Alidanganya kwa sababu aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kijinga. Lisemwalo lipo, husema watu, na methali hiyo ingekuwa na mikono ingekuwa imefungwa jela zamani sana. Watu wa Boito wakilisikia hilo, siku ndama wa mtu atakapokufa, au mtoto atakapokohoa usiku, macho yatageukia mlango wa Bilhah, na mama hakuwa na mahali pengine pa kukimbilia. Kwa hiyo aliendelea kwenda mezani asije akaulizwa mbona haji. Alichukua kadi ya Fisi-mtu kila mara, na Johana akifikia dadu ya moto, Bilhah alikumbuka ghafla kwamba anahitaji choo.

Jumapili moja Kiplimo aliwaita mapema. Mwezi uliofuata angeupeleka mchezo wake kwenye maonyesho Nakuru, na alitaka kumjaribu Mrogi mara ya mwisho. Hawajaanza, mvua ya mawe ikashuka juu ya mabati kwa kelele za kuziba masikio, na pamoja nayo akaingia Bosibori, leso kichwani, akitoka kwenye maombi ya kina mama. Bilhah alisimama kumpeleka nyumbani. Nyumbani gani katika mawe yale? Sally alishamtolea mama kiti na kummiminia chai ya thamosi, kwa mikono miwili, inavyotakiwa.

Bosibori aliuliza ni kitu gani wanakula kwenye meza isiyo na sahani. Kiplimo alimweleza mchezo wote, naye akausikiliza kama mahubiri, kisha akaomba naye apewe kadi. Bilhah aliwahi kumsukumia Mvua ya Mawe. Mama aliitazama, akairudisha, akaokota ile ya bibi mwenye gunia, akasema huyu ndiye wanayelingana umri. Vijana walicheka. Bilhah alikaa, akaishika kadi yake ya Fisi-mtu.

"Haya, mama," Kiplimo alianza. "Kwa kijiji kuna mtoto mgonjwa. Unafanya nini?"

"Nampelekea uji."

Kiplimo alisoma kanuni zake akasikitika: Mrogi akimtembelea mgonjwa, Hofu inapanda mara mbili. Bosibori akasema basi atakaa kwake. Mrogi akijificha, Hofu inapanda. Akasema ataenda kanisani. Hapo Hofu ilipanda zaidi, kwa sababu kijiji kinajiuliza anaficha nini hata aombe hivyo. Akasema ataongea na majirani, aapishwe mbele yao wakitaka. Kiplimo aligeuza ukurasa, akageuza mwingine. Hakuwa ameandika popote namna ya Mrogi kuaminiwa, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kuitafuta.

Bosibori aliiweka kadi chini taratibu.

"Wewe uliyetunga hii," alisema, "uliniona wapi?"

Bilhah alimwita mama yake kwa Kikisii, akimsihi anyamaze. Mama hakunyamaza. Aliwasimulia yote, mtoto, kidole, moto, Biblia, kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya ndizi. Bilhah alizitazama nyuso moja moja akingoja ya kwanza kubadilika. Johana, aliyekuwa ameshika dadu ya moto, aliitia mfukoni kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. Sally alikichukua kikombe cha mama, akakijaza tena bila kuulizwa, kisha akavuta kiti chake mpaka mabega yao yakagusana. Bilhah akaanza kulia. Alilia kwa aibu ya miezi yote aliyomficha mama yake kwa hawa, watu waliohitaji dakika chache tu kumpenda.

Kiplimo alikuwa ameishika ile kadi kwa vidole vya mikono yote miwili. Alisema alidhani ni hadithi tu za kutishia watu, akaomba msamaha, na alikuwa tayari kuirarua.

"Usirarue," Bosibori alimzuia. "Huu mchezo wako ni wa ukweli. Umekosea zimwi tu."

Ndipo kazi ikaanza upya, mvua ikiwa imepungua na baridi ikiingia kwa chini ya mlango. Kiplimo alichukua kadi tupu na kumhoji mama kama fundi anayempima mteja. Huyu zimwi nguvu yake ni nini? Watu wanamwamini. Njaa yake? Shamba la chai, na lile la ndizi chini yake. Sally akasema kikulacho ki nguoni mwako, na Kiplimo akaiandika hiyo juu kabisa, iwe ndiyo salamu ya ukoo. Alipoanza kuchora meno, Bosibori alimgusa mkono. Meno hana, alisema. Mchore kijana mtanashati, shati limepigwa pasi, anaimba kwaya.

"Na udhaifu wake, mama?"

Bilhah aliona mama anataka kusema kitu na anakimeza.

"Hapo acha wazi," alisema. "Bado namwombea."

Kiplimo alipaacha wazi. Alikata kadi ikakaa vizuri, akaiweka katikati ya meza, akasema zimwi halijulikani mpaka lichezwe, na akauliza ni nani atalichukua. Johana, ambaye Jumapili zote aligombea kadi kama watu wanavyogombea nyama ya harusi, aligundua kwamba dari lina kitu cha kutazamwa. Sally alitikisa kichwa. Fisi, Chemosit, hata Mashine wangekubali kuwa, lakini huyu hakuna aliyetaka kuwa, hata kwa mchezo, na kadi ikakaa pale pale.

Bosibori alinyoosha mkono akaivuta kwake, akaifuta unga wa kifutio kwa pindo la leso.

"Leteni nimcheze mimi," alisema. "Huyu nilimnyonyesha."

Bilhah aliacha kulia. Mama yake alinyonyesha watoto wawili tu, na yule mwingine, ndugu yake Onchiri, ndiye aliyebaki nyumbani na shamba la chai.