Pumzi Aliyoikosa Hidaya

Nilikuwa nimelala ubavu wa kushoto, kifua kimepakwa mafuta mazito ya baridi, wakati moyo wangu ulipotokea kwenye kioo cha mashine. Ulikuwa wa rangi ya majivu, unahangaika kama kuku aliyefungwa miguu. Dokta Ruphin, aliyekuja Kasongo na mashine yake ndani ya sanduku dogo, alisimamisha picha akaweka kidole.

"Hapa kuko mulango," aliniambia. "Unapaswa kufunguka wote, damu ipite. Wa kwako umekazana."

Mama alikuwa ameketi miguuni pangu. Hakunitazama mimi wala daktari. Alitazama kile kioo.

"Mama, mu familia kuko mutu mwingine mwenye alikuwa anakosa pumzi?"

Nikamgeuzia Mama kichwa.

"Dada yake," akasema. "Hidaya."

"Iko wapi, tumupime?"

"Alishakufa."

Hidaya alikuwa kifungua mimba, na hadi leo mtaa mzima humwita mama yetu Mama Hidaya. Aliolewa Kabambare na Alimasi, mwuza vitenge, mtu mpole asiyependa ugomvi. Mwanzoni habari zilikuwa njema. Kisha tukasikia kwamba shamba linamshinda, kwamba anatua ndoo katikati ya njia, kwamba analala ameegemea magunia ya mpunga kwa sababu akilala chali anahisi kama anazama. Mawifi zake walisema ni mvivu. Alimasi aliwabishia kwa muda, kisha akachoka kubisha. Siku moja alimleta kwa pikipiki, vumbi jekundu limewajaa hadi kwenye kope, akasimama uani kwetu bila kuzima injini.

"Mama, ninamurudisha mutoto wenu. Apumuzike kwanza. Kazi ya nyumba inamushinda."

Majirani walisikia. Nadhani aibu hiyo ndiyo iliyomuuma Mama kuliko yote, kwani kesho yake alimwekea Hidaya kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, mbele ya mlango, mahali ambapo kila mpita njia angemwona.

"Twanga," alimwambia. "Wasiseme sikukufundisha kazi."

Hidaya alitwanga. Alipiga mara chache, akashika ukingo wa kinu, midomo imebadilika rangi, akaanza tena. Nilikuwa bado msichana wa shule. Kila nilipomwendea nimpokee mchi, Mama alinirudisha ndani. Kwenye zahanati walisema ni pumu, wakampa vidonge. Alifariki wakati wa mvua, ameketi, kichwa kimelala begani kwa Mama. Matangani Mama hakumpa Alimasi mkono, na tangu siku hiyo jina la mtu yule halikutajwa nyumbani kwetu ila kwa lawama.

Dokta Ruphin aliuliza tena. Je, tulipokuwa wadogo tuliwahi kupata homa, viungo vikavimba? Mama akakumbuka. Tuliugua wote wawili msimu mmoja, baada ya kuumwa koo, na yeye akatukanda magoti kwa majani ya moto hadi tukarudi kucheza. Daktari alimweleza taratibu kwamba homa ile ilipotoka magotini iliacha makovu moyoni, na makovu hayo hukaza mwaka baada ya mwaka.

"Na mulango unaweza kufunguliwa?"

"Unaweza, Mama. Kinshasa. Na hawatapasua kifua."

Mama alijifunika uso kwa ncha ya kitenge. Nilidhani ni furaha.

Kinshasa nilikuwa macho muda wote. Walitoboa mshipa wa kinena, wakapitisha uzi mwembamba hadi moyoni, na juu ya uzi huo puto dogo. Niliutazama uzi ukipanda ndani yangu kwenye kioo kikubwa, nikawa kama ninayemtazama mtu mwingine. Nesi alinishika mkono. Puto likavimba, moyo ukaruka, taa zikafifia. Kisha puto likanywea, na hewa ikashuka kifuani hadi mahali ambapo sikujua kwamba hewa hufika.

Asubuhi iliyofuata niliamka nimelala chali. Nikalia, hata nesi akaja mbio akidhani nimezidiwa. Sikuwa nimezidiwa. Nilikuwa nayaona yale magunia ya mpunga.

Niliporudi nyumbani nilijaribu kumfariji Mama. Nilimwambia kwamba enzi za Hidaya mashine kama ile haikuwahi kufika kwetu, kwamba hakuna ambaye angejua.

"Mashine haikuwako," akanijibu. "Lakini mutoto alikuwako. Alikuwa ananiambia, Mama, nimechoka."



Kiangazi kilipoingia, Alimasi alikuja. Ndevu zilikuwa na mvi, na safari hii alizima injini. Habari zangu zilikuwa zimemfikia sokoni Kabambare. Alibaki amesimama kando ya mkeka wetu, anaizungusha kofia yake mikononi.

"Mama, nataka kujua tu. Ule wa Hidaya na huu wa Faridah huyu, ni ugonjwa mumoja?"

Nilitegemea Mama amfukuze. Miaka yote hiyo alikuwa na maneno tayari kwa ajili ya siku kama hii, na mimi niliyajua karibu yote.

"Dokta hakumupima, hawezi kuapa," Mama alisema. "Lakini mie niliona mu kioo. Ni mumoja. Hakuwa muvivu. Weye ulimurudisha, na mie nikamupa kinu."

Jirani alikuwa anafagia ua wake. Tulisikia ufagio ukienda na kurudi. Hatimaye Alimasi alinigeukia.

"Ile ya Kinshasa. Iliuma?"

"Kidogo," nikasema. "Kama sindano."

"Kama sindano," akarudia polepole, kama mtu anayejifunza neno la lugha ngeni.

Mama akasogea kwenye mkeka, akamwambia aketi, ale kwanza, Kabambare ni mbali.