Namba Zisizoisha za Ghala la Kitale

Jumatatu moja ya mwaka 2004, Chelagat aliweka kompyuta kwenye dirisha la ghala la mahindi mjini Kitale, akaitia programu ya kugawa namba za foleni. Alijivunia kazi yake, na alikuwa na haki. Programu haikuhifadhi namba zozote. Ilikumbuka ya mwisho tu, na kila ilipoombwa ilitoa inayofuata.

"Na zikiisha?" aliuliza Absalom, meneja wa ghala.

"Haziishi, mzee. Ukiomba, unapewa."

Absalom alifurahi sana, akaamuru kipaza sauti cha kuita watu nacho kiunganishwe papo hapo.

Kufikia Jumatano foleni ilikuwa imepita mtaa wa Tuwan, na mkia wake uko Kamukuywa, mbali kabisa na mji. Vikaratasi vya namba viliruka chinichini kama kuku, vikaenda vyenyewe hadi kwa aliyekuwa nyuma ya wote.

Phelista alitoka Kabuchai na mkokoteni wa mahindi, karo ya bintiye. Karani wa ghala alipima ukavu kwa kung'ata punje. Jino likizama tu, unarudi na mzigo wako. Kwa hiyo jua likichomoza, Phelista aliyaanika kando ya lami, naye marehemu mumewe, Wabwile, alimshikia nafasi akiwa na suti aliyozikwa nayo.

"Umechelewa," Phelista alimwambia alipofika.

"Si barabara ni mbaya, bana."

Wabwile naye akapewa namba.

Tatizo ni kwamba kila namba iliyoitwa haikuwa na mwenyewe. Chelagat alichungulia programu, akajishika kichwa: dirisha na kipaza sauti vilichota namba kutoka chanzo kimoja. Namba ikishaitwa imekwisha kutoka, hakuna mkulima wa kuipata.

"Ni kosa langu, mzee. Nitavitenganisha sasa hivi."

"Wacha hivyo," Absalom alisema. "Inafanya kazi vizuri."

Na kwa kila namba isiyo na mwenyewe, lori la walanguzi liliingia kwa lango la nyuma.

Wakulima hawakuwa wajinga. Waligundua kwamba namba inayoitwa ni ile tu inayofuata namba ya mtu wa mwisho. Basi wote wakakimbilia mkiani. Aliyefika alipata namba mpya, na kipaza sauti kikaita inayofuata. Wakakimbia tena. Mikokoteni ilirukaruka, akina mama wakipiga vigelegele, wafu wakipita walio hai bila hata kuhema. Raha iliyoje! Phelista alicheka hadi akashika mbavu.

Halafu mvua ikanyesha kutoka Kitale hadi Kabuchai.

Phelista alitoa punje guniani, akaing'ata. Jino likazama. Akaacha kucheka, na moyo ukamuuma vibaya.

Kipaza sauti kikaita namba. Nyuma ya ghala, lori likapiga honi.

"Tukimbie?" Wabwile aliuliza.

Phelista akatema punje, akashika mkokoteni.

"Tukimbie."