Nimesoma, Nakataa

Leo ni Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, nami ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe yaliyotokea juzi Alhamisi nyumbani kwa mdogo wangu Damas, Ipagala. Hasira bado haijanitoka.

Mwanangu Yudith anataka kusomea shahada ya uzamivu katika nadharia ya mifumo. Alinieleza maana yake tukiwa tumekalia magunia yetu sokoni Kibaigwa.

"Mama, lori moja likikwama njiani, dalali hapa anapandisha bei, mnunuzi anaondoka, na mkulima wa Kibakwe ambaye hata hakuliona lori hilo anabaki na mahindi yake. Nataka kujua mambo hayo yanavyoshikana."

Nilimwelewa mara moja. Nimeyaishi hayo miaka ishirini.

Vyuo vilivyokuwa tayari kumpokea vilikuwa viwili. Kimoja kiko ng'ambo na kina jina kubwa. Wakala aitwaye Respicius ndiye anayekitafutia wanafunzi. Kingine kiko hapa nchini, hakitajwi sana, lakini mhadhiri wake, Dokta Bupe, alikwisha kumwandikia Yudith barua yenye maswali tisa kuhusu soko la Kibaigwa. Chuo hicho kilingoja jibu mwisho Ijumaa.

Kwetu mjomba akishatamka, mpwa hajibu. Na Alhamisi hiyo, tukiwa tumeketi kwake sisi watatu pamoja na Respicius, Damas alitamka.

"Ng'ambo! Nimeangalia orodha ya vyuo bora, hicho ni cha arobaini duniani. Wenzangu pale ofisini, wanaojisifia watoto wao, watanyamaza."

Yudith akainamisha kichwa. Respicius akafungua mkoba, akatoa mkataba wa kurasa nne na kidau cha wino.

"Mama ndiye mdhamini. Lete dole gumba hapa chini, mama, tumalize."

"Nitasoma kwanza."

Wakacheka. Damas alicheka kumshinda mgeni wake. "Dada, huo si ubao wa kisomo. Humo hamna a, e, i, o, u."

"Na chai itapoa," akaongeza Respicius.

"Ipoe."

Miaka mitatu nimehudhuria kisomo, darasa la watu wazima, kila alasiri, nikitokea shambani na udongo miguuni. Niliweka kidole chini ya mstari wa kwanza nikaanza. Walikunywa chai, wakaongea habari za mpira, wakatazama saa. Sikuharakishwa. Ukurasa wa tatu nikasimama, nikasoma kwa sauti:

"Endapo fani iliyoombwa haina msimamizi, mwanafunzi atapangiwa fani nyingine yoyote, wala hataruhusiwa kuomba chuo kingine kwa muda wa miaka mitatu."

Respicius akakirudisha kikombe chake mezani.

"Bwana Respicius, msimamizi wa mifumo huko ni nani?"

"Atatafutwa binti akishafika."

"Yupo au hayupo?"

"Mama, chuo chenyewe ni kikubwa mno..."

"Sikuuliza ukubwa."

"Kwa sasa hayupo."

Nikamgeukia ndugu yangu. "Damas, wewe uliisoma karatasi hii?"

"Dada, karatasi hizi zote zinafanana."

Zinafanana! Mtu mwenye vyeti viwili ukutani, vyenye vioo, anamkabidhi mpwa wake kwa karatasi asiyoisoma, kisha ananicheka mimi ninayeisoma! Nilisimama.

"Uliponifungulia mlango uliniamkia shikamoo, nikakujibu marahaba. Mgongo huu ndio uliokubeba. Heshima inamziba mdomo Yudith, mimi hainizibi. Wewe hukumchagulia mtoto chuo, ulijichagulia sifa."

"Dada, mbele ya mgeni..."

"Mgeni naye asikie."

Nikakifunika kile kidau cha wino, nikaomba kalamu ya Yudith. Pale palipoachwa wazi kwa ajili ya dole langu nikaandika: Nimesoma. Nakataa. Angelina Sila.

"Umeuharibu mkataba!" Respicius akapiga kelele.

"Ndiyo kazi niliyokusudia."

Kisha nikamuuliza mwanangu, swali ambalo hakuna aliyemuuliza tangu tuketi: "Wewe unataka wapi?"

"Kwa Dokta Bupe, mama."

"Mwandikie sasa hivi, mjomba wako akiona."

Alituma jibu kwa simu yake palepale. Jana Dokta Bupe akamjibu: aanze Oktoba, na aje na daftari la bei za Kibaigwa. Damas hajanipigia simu. Asipige.

Ndugu msomaji, usiikunje karatasi hii ukaiweka. Mpelekee mama mwingine ambaye bado anaombwa dole gumba. Na kama hajui kusoma, keti umsomee yote, kisha umwonyeshe darasa la kisomo lililo karibu naye.